Josho la Aseniki na Homa ya Pwani ya Mashariki

Ugonjwa ambao wafugaji wa Tanzania huuita ndigana kali ulipata jina lake jingine, Homa ya Pwani ya Mashariki, mbali na pwani hiyo. Mwaka 1901 ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki hadi bandari ya Beira, Msumbiji, ili kujaza mazizi ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) yaliyofyekwa na sotoka, nao wakashuka na maradhi yao. Tiba aliyoijaribu mtaalamu wa bakteria Robert Koch huko Bulawayo haikufaa, lakini Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni la Rasi, Afrika Kusini, alithibitisha kwamba mwenezaji ni kupe, hasa yule wa kahawia anayejibanza masikioni. Kwa kuwa ugonjwa haukuwa na dawa, vita viligeuzwa dhidi ya kupe, na silaha iliyokuwa tayari ilikuwa sumu.

Sumu hiyo ilikuwa aseniki, elementi ambayo chumvi zake huyeyuka majini, na ambayo tangu 1852 William Cooper wa Uingereza alikuwa akiiuza pamoja na salfa kama unga wa kuogeshea kondoo. Mwaka 1902 Joseph Baynes alijenga josho huko Natal, Afrika Kusini, yaani handaki refu lililojaa maji ya dawa ambamo ng'ombe hulazimika kuogelea, na baadaye daktari wa mifugo Herbert Watkins-Pitchford akatafuta kipimo na siku za kurudia.

Kipimo ndicho kilichokuwa kiini cha jambo lote. Maji ya josho kwa kawaida yalikuwa na aseniki karibu asilimia 0.2, kiasi kinachoua kupe bila kumdhuru ng'ombe aliyelowa ngozi tu, ila si ng'ombe aliyeyanywa. Ikiingia tumboni, aseniki huvizima vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, na kuivujisha mishipa midogo ya damu ya utumbo, hata mnyama akaumwa tumbo, akaharisha majimaji, akayumba na pengine kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana ng'ombe walipaswa kunyweshwa maji kwanza, na baada ya kuogeshwa wasimame kwenye sakafu ya kuchuruzia, wasije wakadondoshea sumu majani watakayoyala. Jua nalo lilipunguza maji na kuiacha sumu ikizidi ukali. Kinyume chake, mwaka 1918 mtafiti H. H. Green alieleza bakteria aliyemtoa joshoni, aliyeigeuza aseniki kuwa ya aina hafifu zaidi, kwa hiyo josho lililoonekana kuchoka liliweza bado kuwa na aseniki tele.

Wafugaji wa East Griqualand, Afrika Kusini, walipobomoa majosho mwaka 1914, ilikuwa rahisi kuwaita wajinga. Lakini waliokuwa wakilipishwa kodi ili kuwatumbukiza mifugo wao katika sumu walikuwa na hoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 kupe wa buluu wa Afrika Kusini walianza kuizoea aseniki, na baada ya Vita Kuu ya Pili DDT na dawa nyingine zikachukua nafasi yake. Aseniki yenyewe haiozi. Huko New South Wales, Australia, yameorodheshwa maeneo ya majosho ya zamani yapatayo 1,600, na udongo wenye sumu zaidi huwa kando ya handaki, pale matope yalipomwagwa kila josho liliposafishwa.