Gayogayo, Mmamba na Jina la Gati

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu kuhusu uvuvi wa gayogayo kwenye gati la bandari ya pwani. Bandari waliijua, gayogayo aliwashinda. Nikawaeleza kwamba ni samaki bapa anayelala mchangani chini ya maji, macho yote mawili yakiwa upande mmoja, na kwamba mvuvi humpata kwa ndoana, chambo na chubwi la kuzamisha mshipi. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Luzira, akasema: "Mwalimu, hata sisi mmamba tunamtafuta huko huko chini." Kauli hiyo ndiyo chanzo cha makala haya.

Kwanza, tahadhari ya lugha. Mamba wa Kiswahili ni mnyama wa kuogopwa mtoni. Emmamba ya Kiganda ni samaki, yule ambaye Wajaluo humwita kamongo. Hupumua hewa kwa mapafu na huweza kujifukia topeni wakati wa kiangazi. Pia ni mwiko wa ukoo mkubwa wa Buganda, ambao mkuu wake, Gabunga, ndiye aliyesimamia mitumbwi ya Kabaka. Kwa hiyo, wenyeji wa ufuko huu walikuwa na elimu yao ya maji kabla ya meli ya kwanza ya mvuke kufika.

Sasa tuligeukie gati lenyewe. Port Bell ilipewa jina la Hesketh Bell, aliyeongoza Uganda kuanzia 1906 hadi 1909. Alikuta ugonjwa wa malale umekwisha kuua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa. Dawa ya kuponya haikuwapo, na mbung'o walijaa vichakani ufukweni. Bell akaamuru watu waliokaa kiasi cha maili 2 kutoka majini wahamishwe. Uvuvi katika maeneo hayo ukapigwa marufuku, na mwaka 1909 ikawa zamu ya watu wa visiwa vya Ssese kuondoka. Si haki kumlaumu bila kukumbuka vifo vile. Hata hivyo, ndugu msomaji, angalia kinaya kilichopo: bandari ya Kampala ina jina la mtu aliyewaondoa wavuvi ziwani.

Watu walianza kurejea kwa wingi miaka ya 1920. Mtoto aliyehamishwa akiwa na miaka 5 alirudi akiwa mtu mzima. Nani alikuwa amemfundisha majina ya mitego, ya vyambo na ya pepo? Isitoshe, ziwa alilolirudia lilikuwa limebadilika. Nyavu za kigeni zilikuwa zimeingia ghuba ya Winam tangu 1905, na uchunguzi wa 1927 na 1928 ulionyesha kwamba ngege wamepungua. Baadaye, miaka ya 1950 na 1960, sangara alipandikizwa, na biashara ya minofu ikafuata. Mwaka 2017 jeshi lilipelekwa ziwani kupambana na uvuvi haramu, na mitumbwi isiyofikia futi 28 ikachomwa moto. Kwa mara nyingine sababu ilikuwepo, nayo ni kuokoa samaki wachanga. Na kwa mara nyingine mwenye chombo kidogo ndiye aliyeondoka.

Kila mvuvi anapoondoka, huondoka na msamiati. Kamusi zetu, zilizotungwa kwa kutazama Bahari ya Hindi, zinamtaja gayogayo ambaye mwanafunzi wa Kampala huenda asimwone maishani. Mmamba aliye hatua chache kutoka nyumbani kwake hana jina ambalo wasemaji wote wa Kiswahili wanakubaliana nalo.

Nawasihi wanafunzi wetu watumie likizo ijayo kukaa na wazee wa Ggaba, Luzira na Kasenyi, daftari mkononi. Waulize kila kifaa kinaitwaje, kwa Kiganda na kwa Kiswahili kinachosemwa mwaloni. Gati limekwisha kupata jina lake. Majina ya wale waliovua hapo kabla halijajengwa, na ya vitu walivyovitumia, bado yanasubiri mtu wa kuyaandika.