Uwiano wa uokoaji: kumpima kipa wa hoki msimu ungali mchanga

Uwiano wa uokoaji ni mashuti aliyookoa kipa yakigawanywa kwa mashuti yote yaliyolenga lango lake. Aliyepigiwa mashuti 30 akafungwa mabao 3 ameokoa 27, na uwiano wake ni 0.900. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni inayochezwa Marekani na Kanada, ni nadra kipa kuzungumziwa bila namba hii kutajwa. Nayo hutajwa kwa papara zaidi mwezi wa Oktoba na Novemba, timu zikiwa zimecheza kama michezo kumi kati ya zaidi ya 80, na mashabiki tayari wanataka kuambiwa nani adumu langoni na nani akakae benchi.

Lango lenyewe si kubwa: upana mita 1.83, kimo mita 1.22. Kinachorushwa humo ni kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Shuti huhesabiwa kuwa limelenga lango kama limeingia, au kama lingeingia iwapo kipa asingelizuia. Kisahani kikigonga mwamba au mtambaa wa panya kikarudi uwanjani, hakihesabiwi. Kikizuiwa na beki njiani, hakihesabiwi pia. Na kocha anapomtoa kipa dakika za mwisho ili aongeze mshambuliaji, bao linaloingia katika lango tupu halimhusu kipa.

Zamani kipimo kilikuwa kingine. Tuzo ya Vezina, iliyopewa jina la Georges Vézina, kipa wa Montreal Canadiens aliyefariki mwaka 1926, ilikwenda kwa makipa wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote. Msimu wa 1981–82 ligi ikaona mambo mawili yamechanganywa, ikayatenganisha. Vezina ikawa tuzo ya kipa bora kwa kura za mameneja wakuu wa timu, na tuzo mpya ya William M. Jennings ikarithi kigezo cha mabao machache.

Sababu inaonekana kwa mfano mdogo. Kipa wa kwanza ana mabeki hodari. Kwa mchezo anapigiwa mashuti 20 na kufungwa mabao 2. Wa pili mabeki wake wanapitika. Anapigiwa mashuti 35 na kufungwa 3. Kwa wastani wa kufungwa, yaani mabao kwa kila dakika 60 za kucheza, wa kwanza anaongoza: 2.00 dhidi ya 3.00. Kwa uwiano wa uokoaji mambo yanageuka: wa kwanza ana 0.900, wa pili 0.914. Wastani wa kufungwa unapima timu nzima huku ukiandikwa kwa jina la mtu mmoja. Uwiano wa uokoaji unamkaribia zaidi mtu mwenyewe, ingawa nao haumfikii kabisa.

Sasa jina. Kiingereza huiita namba hii asilimia, na anayetafsiri neno kwa neno atapata “asilimia ya uokoaji”. Lakini ligi haiiandiki kwa mia. Inaandika sehemu ya elfu: 0.905, 0.914, 0.937. Mtangazaji wa Kiswahili akisema “asilimia 0.905”, msikilizaji ana haki ya kuelewa kwamba kipa huyo anaokoa pungufu ya shuti moja katika mia. Asilimia ingefaa kama tungeandika 90.5 kila mara, jambo ambalo lingetutenga na kila jedwali lililochapishwa na ligi yenyewe.

Neno la pili linalokuja haraka ni “kiwango cha uokoaji”. Linasikika vizuri, na katika hesabu kiwango kinaweza kubeba maana hiyo. Tatizo ni kwamba viwanjani kwetu neno hili lina mwenyewe tayari. Shabiki wa soka Dar es Salaam au Mombasa akisema kiwango cha mchezaji kimeshuka, anazungumzia ubora wake, uwezo alionao mguuni na kichwani. Tukiita namba ya michezo kumi kiwango, tumeshatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa, kwa sababu msomaji ataichukua namba kuwa ndiyo mtu. Hilo ndilo kosa kubwa katika kumpima kipa mapema, na haifai istilahi yenyewe ilialike.

“Uwiano” halina mzigo huo. Wanafunzi wanalijua kutoka darasa la hisabati, na linasema jambo moja tu: kiasi hiki kikilinganishwa na kile. Linaeleza yaliyotokea, na kuhusu ubora wa mhusika linanyamaza.

Kuhusu nusu ya pili ya jina, “udakaji” lingevutia, hasa Tanzania ambako kuuliza nani anadaka leo ni kuuliza nani atakuwa langoni. Ila kipa wa hoki hudaka kwa mkono mmoja tu, wenye glovu ya kudakia. Mkono wa pili umeshika gongo na ngao. Mashuti mengi huishia kwenye pedi za miguuni, kifuani au kwenye gongo. Kuokoa kunabeba yote hayo, na kila mtangazaji wa soka hulitumia. Uokoaji lina harufu ya Zimamoto kidogo, lakini likiandamana na kipa hakuna atakayetafuta king’ora.

Wapo watakaolitumia karibu na kwetu. Nairobi ilipata uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari mwaka 2005, na ndiko ilikokulia timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wa NHL. Timu yenye kipa inahitaji neno la kumpimia.

Turudi Oktoba. Chukua kipa ambaye uwezo wake halisi ni 0.905, yaani akipigiwa mashuti bila kikomo angeokoa 905 katika kila 1,000. Mashuti 28 kwa mchezo ni idadi ya kawaida, kwa hiyo michezo kumi inampa mashuti 280. Hesabu ya takwimu inaonyesha kwamba kwa mashuti machache hivyo, bahati peke yake inaweza kuusogeza uwiano wake kwa takriban 0.035 juu au chini, na bado tukawa ndani ya mipaka ya mara 95 katika 100. Maana yake ni kwamba kipa huyohuyo, asiyebadilika hata chembe, anaweza kuonekana na 0.870 au na 0.940. Akipata ya kwanza amefungwa mabao kama 36, na magazeti yanadai auzwe. Akipata ya pili amefungwa kama 17, na ameupita hata uwiano wa 0.937 ambao Dominik Hasek wa Buffalo Sabres alimaliza nao msimu wa 1998–99, mmoja wa misimu bora kuliko yote katika historia ya makipa.

Pengo kati ya kipa wa kawaida na kipa mzuri ni dogo sana. Kati ya 0.905 na 0.915, tofauti kwa mashuti 280 ni mabao matatu hivi. Visahani vitatu vilivyogonga goti la beki vikabadili njia vinatosha kuleta pengo hilo au kulifuta. Kwa kipa aliyecheza michezo 60, akapigiwa mashuti 1,680, tofauti hiyohiyo ni mabao 17, na hapo ndipo inapoanza kutenganisha watu. Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Kwa kipa wa hoki, asubuhi ya msimu ina ukungu, na kila taa ya mbali hudhaniwa nyota.

Edmonton Oilers wa NHL walilipitia hili hadharani. Msimu wa 2023–24 waliuanza wakitajwa miongoni mwa wanaoweza kutwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi. Katika michezo 13 ya kwanza walishinda 3 tu. Kipa Jack Campbell, aliyesajiliwa Julai 2022 kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 25, alicheza michezo mitano akiwa na uwiano wa 0.873 na wastani wa kufungwa wa 4.50. Mwanzoni mwa Novemba akashushwa hadi Bakersfield, timu ya ligi ya chini. Tarehe 12 Novemba kocha Jay Woodcroft naye akafukuzwa, na Kris Knoblauch akachukua nafasi yake.

Tukiipima 0.873 kwa hesabu yetu, haitishi sana. Kipa anayepigiwa mashuti 150 katika michezo mitano kwa uwiano huo hufungwa mabao 19. Mwenzake wa 0.905 hufungwa 14. Mabao matano ndani ya wiki chache yanaweza kumpata kipa yeyote. Na kama namba za wiki zile ndizo zingeamua peke yake, mwenzake Campbell, Stuart Skinner, asingesalimika, kwa sababu uwiano wake wa mwanzo wa msimu haukuwa bora kuliko wa Campbell.

Lakini nyuma ya kila mmoja kulikuwa na msimu mzima. Mwaka 2022–23 Campbell alikuwa na 0.888. Skinner alikuwa na 0.914 katika michezo 50, akaingia katika orodha ya watatu wa mwisho wa tuzo ya Calder, ya mchezaji bora anayeanza. Ukiziweka namba hizo kando ya zile za Oktoba, makipa wawili waliofanana kwa mwezi mmoja wanaacha kufanana. Mwezi mbaya wa Campbell uliongezea uzito shaka iliyokuwapo. Mwezi mbaya wa Skinner ulipingana na mashuti zaidi ya elfu moja yaliyomtangulia.

Yaliyofuata yanajulikana. Oilers walishinda michezo 16 mfululizo kati ya Desemba na Januari, na Skinner akaweka rekodi ya klabu kwa makipa, ushindi 12 mfululizo. Alimaliza msimu kwa 0.905, karibu sawa na wastani wa ligi nzima mwaka ule. Timu ikafika fainali na kupoteza mchezo wa saba kwa Florida Panthers, 2–1, tarehe 24 Juni 2024. Si sifa ya kipa peke yake: kocha alibadilika, na ulinzi mbele yake ukatulia. Hata hivyo, aliyemwona wa hovyo mwezi Novemba na aliyemwona shujaa mwezi Januari walikuwa wakimtazama kipa yuleyule wa kati kupitia matundu mawili madogo.

Ulinzi huo unatuleta kwenye upungufu wa pili wa uwiano wa uokoaji, ambao, tofauti na ule wa mashuti machache, hauponi kwa kusubiri tu. Namba hii huyahesabu mashuti yote kuwa sawa. Kisahani kilichotupwa kutoka katikati ya uwanja na kile kilichopigwa mita mbili kutoka langoni, baada ya pasi iliyomhamisha kipa upande mmoja hadi mwingine, kila kimoja ni shuti moja. Timu inayoadhibiwa mara kwa mara, ikabaki na wachezaji pungufu kwa dakika mbili mbili, humwacha kipa wake na mashuti ya aina hiyo ya pili.

Kwa ajili hiyo wachambuzi wameunda kipimo cha mabao tarajiwa. Kila shuti hupewa uzito kulingana na umbali, pembe, namna lilivyopigwa na kama lilitokana na kisahani kilichorudi kutoka kwa kipa. Uzito wote ukijumlishwa, tunapata mabao ambayo kipa wa kawaida angefungwa kwa mashuti yaleyale. Ukitoa aliyofungwa kweli, kinachobaki naona kiitwe “ziada ya uokoaji”. Aliyetarajiwa kufungwa mabao 30 akafungwa 27 ana ziada ya 3. Aliyefungwa 34 ana ziada hasi ya 4. Jina ni fupi, na neno ziada linaonyesha kuwa kuna kitu kingine kinacholinganishwa nacho. Hata kipimo hiki kina mashimo, kwani data zilizo wazi kwa umma mara nyingi hazioni pasi iliyotangulia shuti wala msongamano wa miguu uliomziba kipa macho. Nacho kwa michezo kumi hutikiswa na bahati kama kaka yake.

Jicho la mwalimu wa makipa huongeza ambacho namba hazina: kama kipa anafika mahali pake kabla ya shuti, kama anasimama pembeni mno, kama anapiga magoti mapema na kuacha kona za juu wazi, kama kisahani anachokizuia anakielekeza pembeni au anakirudisha mbele ya lango. Mambo haya huonekana hata katika mchezo mmoja, na hayategemei kisahani kimegonga goti la nani.

Kwa mwandishi wa michezo anayeanza kuitumia istilahi hii, napendekeza mazoea mawili. La kwanza, asiandike uwiano bila idadi ya mashuti. La pili, mwezi wa kwanza asiandike uwiano wa mwaka huu bila ule uliotangulia. Sentensi yake iwe hivi: “Kipa ameokoa mashuti 252 kati ya 280, uwiano wa uokoaji 0.900, msimu uliopita alikuwa na 0.914 kwa michezo 50.” Kisha, akitaka, aseme kiwango cha kipa huyo kikoje. Hiyo itakuwa hukumu yake mwenyewe, atakayoitetea kwa hoja zake, na msomaji ataona mahali namba ilipoishia na maoni yalipoanzia.