Kengele ya Kisauni na Malezi ya Nafsi

Katika misiba yote iliyompata mtu aliyetiwa utumwani, uliozidi minyororo kwa uzito ni kule kutengwa na jamaa ambao mbele yao mwanadamu huona haya atendapo ovu na hupata heshima atendapo jema. Kwani ada haikai ila baina ya watu wanaojuana.

Jambo hili lilidhihirika Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambako mwaka 1875, baada ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) wakiongozwa na William Salter Price waliasisi mji wa Frere Town, wakapokewa humo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Wengi walikuwa wametekwa wangali wadogo, hawajaingia jandoni wala kufundwa unyagoni, na hata wakitaka kuoa hapakuwa na mjomba wa kushauriwa.

Kengele ya mji ikawaitia kazi, sala na masomo, na ikawaonya panapo hatari, hata mahali pale pakaitwa Kengeleni hadi leo. Walakini atiiye kwa hofu hutii maadamu anatazamwa, na adhabu za viboko, ambazo mwanzoni mwa miaka ya 1880 zilizusha malalamiko hata zikachunguzwa, hazikuweza kuijenga nafsi ya mtu. Kilichoijenga ni mfano wa Waafrika waliolelewa Nasik, Bara Hindi, kama William Jones, ambao walionja utumwa kama wao na sasa walikuwa mafundi, walimu, na baadaye makasisi. Kisha ujirani, ndoa na kuzikana.

Mwaka 1936 mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, alieleza majaribio yake yaonyeshayo jinsi kipimo cha pamoja kinavyozaliwa: watu waliowekwa pamoja gizani kukadiria mwendo wa nukta ya mwanga, ambayo kwa hakika haikusogea, walikaribiana katika makadirio yao, na kila mmoja aliyashika hata alipobaki peke yake. Watu wa Frere Town nao, waliokosa alama za kwao, walijifanyia kipimo kwa pamoja, na watoto wao wakakirithi kama kitu cha asili. Miongoni mwa watoto hao alikuwa James Mbotela, aliyetoa *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934 kwa Kiswahili, lugha iliyowaunganisha wote.

Basi atakaye kuyatengeneza maisha ya waliong'olewa makwao, kabla ya kuwapa sheria na awape kwanza majirani.