Sonona ya Tukio kwa Vijana Balehe: Dalili, Tiba na Wajibu wa Mzazi

Matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Nne kwa kawaida hutangazwa mwezi Januari. Katika Kata ya Mwimbi, Wilaya ya Kalambo, kama ilivyo kwingineko katika uwanda wa Ufipa, huo ni wakati ambao mvua zimekolea na familia nyingi ziko shambani. Katika pilikapilika hizo, kijana aliyefeli anaweza kukaa kimya kwa wiki kadhaa bila mtu kutambua. Akilala mchana huitwa mvivu, akikataa chakula huambiwa ana kiburi, na akijifungia ndani hudhaniwa amerogwa. Huenda kijana huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika.

Maana yake

Sonona ya tukio ni huzuni nzito inayompata mtu kutokana na jambo mahususi lililovuruga maisha yake. Kwa vijana balehe, jambo hilo linaweza kuwa kufiwa na mzazi, wazazi kutengana, kufeli mtihani, ujauzito, kukatishwa masomo au kufanyiwa ukatili. Dalili huanza ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu baada ya tukio. Kwa kawaida huisha ndani ya miezi sita tangu tukio na athari zake zikome.

Hali hii si sawa na huzuni ya kawaida. Kijana aliyefiwa hulia, lakini bado hula, huzungumza na wenzake na hurejea darasani. Mwenye sonona ya tukio hushindwa kuendelea na maisha yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, hivyo familia inayokutana na jambo hili haiko peke yake.

Dalili

Wazazi wengi husubiri kuona machozi, ilhali kwa vijana sonona mara nyingi hujitokeza kwa hasira za ghafla na ugomvi. Dalili nyingine ni kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupoteza hamu ya chakula, kuacha michezo aliyoipenda, utoro shuleni na kujiona hana thamani. Wengine hulalamikia kichwa au tumbo na kupelekwa zahanati mara kwa mara kupimwa malaria bila ugonjwa kuonekana. Katika hali hiyo, inafaa mzazi amweleze mhudumu wa afya pia kuhusu tukio lililotangulia.

Tiba

Tiba ya kwanza ni mazungumzo. Mhudumu wa afya au mshauri nasaha humsaidia kijana kulitaja lililomsibu, kutenganisha tukio na thamani yake kama mtu, na kupanga hatua ndogo zinazotekelezeka. Nyumbani, kijana huhitaji msikilizaji asiyemhukumu wala kumlinganisha na watoto wa jirani. Katika familia nyingi, bibi, babu, shangazi au mjomba huweza kusikia yale ambayo mtoto hathubutu kumwambia baba au mama.

Tiba ya pili ni kushughulikia chanzo chenyewe. Aliyefeli aelezwe kuwa anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea au kujiunga na mafunzo ya ufundi stadi. Binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito ana nafasi ya kurejea masomoni kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021. Anayefanyiwa ukatili anapaswa kulindwa kwanza, kwa kuwa ushauri peke yake hauwezi kumponya mtoto anayeendelea kuumizwa.

Tatu ni kurejesha utaratibu wa maisha: kulala na kuamka kwa wakati, kula na familia, kufanya kazi za kiasi na kuwa pamoja na marafiki. Dawa si hatua ya kwanza kwa hali hii. Zikihitajika, huandikwa na mtaalamu na kijana hufuatiliwa kwa karibu. Mzazi asimnunulie mtoto dawa za usingizi au za kutuliza kwa kubahatisha. Familia inayotafuta faraja katika maombi haizuiwi, ila isicheleweshe kufika kituoni.

Dalili za hatari

Kijana anayesema maisha hayana maana, anayeaga watu au kugawa vitu vyake, au aliyewahi kujidhuru anahitaji msaada siku hiyohiyo. Kumuuliza waziwazi iwapo anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, na viuatilifu vya shambani pamoja na dawa zote zifungiwe.

Mahali pa kupata huduma

Familia inaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Sumbawanga. Kwa matatizo makubwa zaidi ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Walimu wa malezi na maofisa ustawi wa jamii nao hupokea taarifa za watoto walio katika hatari. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mzazi kumpatia matibabu kama inavyomtaka kumpatia chakula na elimu. Hali ya kijana isipobadilika kwa wiki mbili baada ya tukio, mzazi ampeleke kituoni bila kungoja msimu wa kilimo umalizike.