Meza ya bibi zetu kabla ya ngano



Bi harusi akiingia kwa wakwe, asubuhi ya kwanza huandaliwa chapati, maandazi na mkate wa maji. Akisema ngano haimkubali, wapo watakaoona anadeka. Basi wengi hunyamaza, wakala, wakaumwa. Lakini tukiitazama historia ya pwani yetu, huyu bi harusi si mgeni mezani. Mgeni ni ngano.

Tuanze na maradhi. Ngano, shayiri na nafaka ya rai zina protini iitwayo gluteni. Kwa mwenye maradhi ya siliaki, gluteni huufanya mwili uujeruhi utumbo wake wenyewe: tumbo hujaa, mtu huharisha, damu hupungua, mtoto hudumaa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika njaa ya vita ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye maradhi haya wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa utafiti wake.

Sasa turudi kwetu. Kisiwani Pemba, ng'ambo ya Tanga, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta Tumbe na Chwaka punje zilizoungua za uwele, na baadaye mpunga kwa wingi. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, na Mombasa akakuta watu wanakula ndizi na samaki. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, vikafika baada ya Wareno. Ngano inataka baridi, haistawi kwenye joto letu. Ilitujia kwa vyombo vya baharini.

Ndiyo maana Tanga kuna bada la muhogo na makopa, wali wa nazi, mkate wa kumimina na mkate wa mofa wa mtama. Hivi si vyakula vya mgonjwa. Ni vyakula vya bibi zetu.

Hata zaka ya fitri inatufunza. Zama za Mtume (s.a.w.) ilitolewa pishi ya tende au ya shayiri, sisi tunatoa mchele, kwa kuwa wanazuoni wa Kishafii wamesema kitolewe chakula kikuu cha mji. Basi asiyeweza talbina ya shayiri asione dini imemtenga.

Nyumbani, familia nzima ishirikiane. Vitumbua vya kununua uliza kwanza, kwani wengine huchanganya ngano. Mafuta yaliyokaanga sambusa yasikaange muhogo wake. Na usiache ngano kabla ya kupimwa: kipimo cha damu huhitaji uwe bado unaila. Akionekana nayo mmoja, ndugu zake na wanawe nao wapimwe, maana maradhi haya hufuata damu.

Bi harusi, mwambie mumeo na mama mkwe mapema, kabla ya siku ya karamu. Nawe mama mkwe, ukisikia hivyo usinune. Mpikie mkate wa kumimina, mle nyote sinia moja.