Mnunuzi wa Mpanda na Milango Mitatu ya Motokaa

Historia ya motokaa katika Tanzania imezoea kuandikwa kwa upande wa wenye kuzileta na wenye kuzitawala: makampuni, mashirika na serikali. Ni mara chache kuandikwa kwa upande wa mwenye kununua, na mara chache zaidi kwa upande wa mnunuzi akaaye mbali na bandari. Huyu ndiye aliyetoa fedha yake na kuchoka kwa kungoja, na mara nyingi ndiye aliyenyamaza alipoona kuwa alichopewa sicho alichokusudia. Kimya chake kimefanya manung'uniko yake yaonekane kuwa mambo ya bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja, hali yana historia yake.

Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa jambo hili. Mji huo uko magharibi mwa nchi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli kutoka Dar es Salaam, ambako ndiko liliko soko kubwa la motokaa tangu zamani. Katika muda wa miaka 70 hivi mtu wa Mpanda aliyetamani motokaa ndogo, nzuri na yenye mbio, amesimama mbele ya milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mkopo, wa pili wa kibali, na wa tatu ni wa maarifa. Kila mlango ulikuwa na bawabu wake, na kila bawabu alikuwa na sababu njema ya kuufunga.

Mji wenyewe ulikuzwa na madini. Risasi, ambayo ilichimbwa pamoja na fedha na dhahabu, iliwaita watu katika nchi ya Wabende na Wakonongo, na kwa ajili yake njia ya reli ya kilomita 210 ikajengwa kutoka Kaliua na kufika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki. Kwa njia hiyo zilifika nguo, sukari, simenti na vyuma, na kwa njia hiyo aliyeagiza kitu Dar es Salaam alikingoja.

Motokaa mpya katika siku hizo iliuzwa na mawakala wa makampuni ya Ulaya. Mwafrika aliyefika mbele ya wakala alikuta sheria imemtangulia. Mwaka 1931 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Kwa sheria hiyo mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika deni mahakamani ila mapatano yawe yameandikwa na kukubaliwa na mtawala. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda mwenyeji asitumbukie katika madeni. Tokeo lake lilikuwa kwamba mwenye duka hakuona faida ya kumkopesha mtu asiyeweza kumshtaki. Mzungu wa mgodini aliweza kulipa kidogo kidogo. Karani wa Kiafrika katika ofisi ile ile alitakiwa kuweka fedha zote mezani, au aende zake. Ulinzi ulikuwa kifungo.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo tamaa ya motokaa za mbio ilipandwa kwa bidii kubwa. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya mwanzo motokaa zilizoshindana zilitakiwa ziwe karibu sawa na zile zilizouzwa dukani, na madaraja yakapangwa kwa bei. Kwa hiyo aliyeshinda vumbini alikuwa amemtangazia wakala bidhaa yake. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo, mwaka 1966, 1967 na 1968. Na katika ushindi wa 1966 na 1967 usukani ulishikwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Jina la motokaa hiyo lilienea hata mahali ambapo mashindano hayakukanyaga.

Lakini ushindi wa Safari ulificha jambo moja. Mshindani alikuwa na mafundi na vipuri vya kumngoja njiani. Mnunuzi wa Mpanda alikuwa na fundi wa mtaani na treni. Chombo kikivunjika, alingoja barua iende na kipuri kije. Bei aliyoelezwa dukani ilikuwa bei ya mtu wa Dar es Salaam. Umbali ulikuwa kodi ambayo haikuandikwa katika stakabadhi yoyote, na mwenye kuilipa alikuwa mnunuzi peke yake.

Ukoloni ulipokoma, sheria ya kubagua wakopaji haikuwa tena na mahali pa kukaa. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya ununuzi wa kulipa kwa vipande, kuweka kanuni kati ya auzaye na alipaye. Mlango wa kwanza ulikuwa umefunguka. Haukupita muda mrefu, wa pili ukaanza kufungwa.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Biashara kubwa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikakusanywa katika shirika la biashara la taifa, lililojulikana kwa herufi STC. Shirika hilo lilipovunjwa mwaka 1973, kazi zake zikagawanywa kati ya makampuni ya biashara ya mikoa na mashirika ya bidhaa maalumu, na motokaa zikapata shirika lao. Kusudi lilikuwa la haki: fedha za kigeni zilikuwa chache, na nchi iliyohitaji dawa, matrekta na malori haikuweza kuzimwaga zote katika motokaa za starehe. Wananchi wenyewe walikuwa wamekwisha kuwapa wakubwa wenye magari ya Mercedes-Benz jina la Wabenzi, na jina hilo halikuwa la sifa.

Bei ya mafuta ilipopanda tangu mwaka 1973, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipomaliza akiba iliyobaki, uhaba ukawa hali ya kila siku. Kuwa na fedha hakukutosha tena. Yalitakiwa maombi, sababu, sahihi na muhuri. Mwombaji wa Mpanda aliongezewa uzito mwingine, maana mwaka 1974 wilaya yake ilitolewa Mkoa wa Tabora na kuingizwa katika Mkoa mpya wa Rukwa, na ofisi za mkoa zikawa Sumbawanga. Reli ilimpeleka Tabora. Karatasi zilimtaka aende upande wa pili.

Hapo ndipo biashara ilipogeuka sura. Muuzaji hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu. Rangi haikuchaguliwa, wala aina, wala siku ya kupokea. Tena, pale ambapo bei ya serikali ilikuwa chini ya bei ya mtaani, kibali chenyewe kikawa mali. Aliyekipata aliweza kupata faida kabla motokaa haijatembea hata kilomita kumi, na aliyekikosa alijifunza kuwa mlolongo una njia za pembeni. Sera iliyokusudiwa kuwasawazisha watu ilizaa tofauti mpya: kati ya mwenye kujulikana na asiyejulikana. Mtu wa mbali kwa kawaida ndiye asiyejulikana.

Mlango wa kibali ulianza kulegezwa mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Uhuru wa biashara uliendelea kupanuka katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi ulioanza mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 ziliingia kwa wingi motokaa zilizokwisha tumika Japani. Sababu zake zaeleweka. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Watanzania, na usukani wao uko kulia. Tena sheria yao hutaka kila motokaa ikaguliwe, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, kwa gharama inayomfanya mwenyewe apendelee kuiuza kabla haijachakaa sana. Kilichokuwa mzigo kwa mtu wa Nagoya kikawa neema kwa mtu wa Nzega.

Hivyo ndivyo tamaa ya zamani ilivyopata majina mapya: Mark II, Cresta, Altezza, na kisha Mark X, iliyoundwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2019. Hizi ni motokaa za kukaa chini, zenye injini ya nguvu na mwendo wa kujivunia, nazo vijana walizipenda. Mwalimu au mkulima wa tumbaku wa Katavi, ambaye baba yake asingeweza kukopeshwa wala kupewa kibali, sasa aliweza kuinunua kwa akiba ya miaka kadhaa. Hakuna aliyemwuliza kabila, cheo wala sababu.

Lakini mlango wa tatu ulikuwa umekwisha kusimamishwa, nao hauonekani kwa macho. Waswahili husema kuuziwa mbuzi ndani ya gunia, na hakuna biashara inayostahili msemo huo kuliko hii. Bei inayotangazwa na muuzaji wa ng'ambo ni bei ya chombo na nauli ya meli. Bandarini huja ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na ushuru wa uchakavu kwa motokaa iliyozeeka. Mwenye kupenda mbio hupenda injini kubwa, na mwenye akiba ndogo hununua iliyo kuukuu. Basi hutozwa kwa yote mawili.

Akiikwepa njia hiyo na kwenda yadi ya Dar es Salaam, au kwa dalali, hukutana na elimu nyingine. Huambiwa kwamba motokaa ni ya namba D au namba E, kana kwamba herufi ni umri. Herufi hiyo hueleza tu wakati ambapo motokaa iliandikishwa Tanzania. Mwaka wa kuundwa umo katika kadi, na waweza kuwa nyuma kwa miaka kumi na mitano. Huonyeshwa saa ya kilomita, na saa hiyo hurudishwa nyuma na fundi mwenye hila. Huonyeshwa rangi inayong'aa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Karatasi ya mnada wa Japani, ambayo kwa herufi R hukiri kuwa motokaa iliwahi kuumia na kutengenezwa, huandikwa Kijapani, na mara nyingi haimfikii.

Ni haki kusema kwamba muuzaji naye si mjuzi wa yote, na kwamba mnunuzi mwingine hudanganywa na fahari yake kabla hajadanganywa na mtu. Hata hivyo uzito haulingani. Muuzaji akikosea hupunguza faida ya motokaa moja kati ya nyingi. Mnunuzi wa Mpanda akikosea hupoteza ada ya watoto, bati za nyumba na mbolea ya msimu, na aliyemwuzia yuko mwendo wa siku nzima.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 barabara ya lami kutoka Tabora hadi Mpanda ilikamilika. Motokaa ya chini iliyokuwa ikizama katika tope la masika sasa hufika nyumbani kwa magurudumu yake. Umbali wa nchi umepungua. Umbali wa maarifa haujapungua kwa kiasi hicho. Sheria ya mauzo ya bidhaa, iliyorithiwa kwa Waingereza, humpa mnunuzi haki ya kudai kitu kilingane na maelezo yake, na sheria ya ushindani ya mwaka 2003 hukataza udanganyifu katika biashara. Lakini haki hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, kama vile kasoro zilivyoandikwa Kijapani. Kati ya lugha hizo mbili alisimama mnunuzi mwenye Kiswahili chake. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na hatua hiyo yaweza kumfaa mnunuzi huyu, ikiwa itashuka hadi katika hati za mauzo.

Mlango wa mkopo na mlango wa kibali ilifunguliwa kwa amri, kwa kuwa ilifungwa kwa amri. Mlango wa maarifa haukufungwa na mtu mmoja, wala hautafunguliwa na mmoja. Utafunguka siku ambapo umri, ajali, kilomita na kodi ya kila motokaa vitaandikwa kwa lugha ya mwenye kulipa, katika karatasi moja, kabla hajalipa.