Kabla ya Sindano ya Pumu ya Ngozi Kukubaliwa



Sisi tunaowasinga mabibi harusi hatukosi kukutana na mwari anayeficha viwiko. Akikunjua mkono, ngozi imechubuka kwa kujikuna, na pembeni kuna shangazi ananong'ona kuwa ni damu chafu. Si damu chafu. Ni pumu ya ngozi, wengine huiita ukurutu, wala haiambukizi.

Tegemeo la miaka mingi lilikuwa krimu. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten, walionyesha kuwa haidrokotizoni ya kupaka hutuliza ngozi. Ilikuwa faraja kubwa, lakini wenye ugonjwa mkali krimu haikuwatosha, na zile kali zikipakwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba. (Za kuchanganywa madukani tumeshazisema mpaka tumechoka.)

Ndipo ikaja dupilumab, dawa ya kuchoma chini ya ngozi. Huziba mlango ambao kemikali mbili za kinga ya mwili, intalukini 4 na 13, huutumia kuamsha uvimbe na mwasho.

Ilijaribiwaje? Majaribio mawili makubwa, yaliyochapishwa 2016, yalichukua watu wazima 671 na 708. Kura iliwagawa makundi matatu: sindano ya dawa kila wiki, dawa wiki moja na sindano tupu inayofuata, au sindano tupu kila wiki. Mgonjwa hakujua anachochomwa, na daktari wake pia hakujua. Hebu fikiria, shoga: wiki 16 unawashwa, unachomwa, na huenda ndani hamna kitu! Tunawaheshimu sana waliokubali.

Katika jaribio la kwanza, ngozi ilisafika au kukaribia kusafika kwa asilimia 38 ya waliopata dawa kila wiki mbili, na 37 ya waliochomwa dawa kila wiki. Kwa sindano tupu, 10. Bila kundi hilo la tatu, nafuu ya hao 10 nayo ingehesabiwa kuwa ya dawa. Na ikajulikana kuwa kuchoma dawa kila wiki hakuongezi kitu. Baadhi walipata macho mekundu yenye kuwasha.

Marekani iliikubali tarehe 28 Machi 2017.

Haiponyi moja kwa moja, na matokeo yalipimwa baada ya wiki 16. Kwa hiyo mwari akitujia zimebaki wiki tatu, singo tunaiweka kando, tunampaka mafuta mazito yasiyo na manukato, na tunamwelekeza kwa daktari wa ngozi.